Kutoka Kafi Hadi Kiti

Kuna kijana wa miaka kumi na mitatu hivi anayekaa nyuma ya mtumbwi unaovusha watu kutoka bandarini Kindu kwenda ng'ambo ya Alunguli. Kazi yake ni kutoa maji yanayoingia ndani. Anashika kopo la plastiki lililokatwa mdomo, anainama, anachota, anamwaga, anainama tena, huku mjomba wake akipiga kafi. Juma lililopita nilivuka nao. Tulipofika katikati, pale maji yanapovuta kwa nguvu, kijana akaniuliza bila kuinua kichwa: "Babu, mtu aliyeanza na kopo kama hili anaweza siku moja kuwa mkubwa wa serikali?"

Mjomba wake alicheka. Mimi sikucheka, maana lile ni swali la haki. Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu kuvuka mto hakuchukui muda wa hadithi nzima. Jibu kamili nimeliandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wajukuu zangu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli.

Jibu ni ndiyo. Wako waliofanya hivyo, tena wengi, katika nchi ya Marekani karne ya 19. Nimewachagua hao kwa sababu moja. Wanamaji wale waliopanda hadi kwenye viti vya serikali hawakuishia kwenye mito yao wenyewe. Mkono wao ulifika hapa hapa, kwenye mto wetu wa Lualaba, na wengine wakafanya uamuzi juu yake bila kuuona hata siku moja. Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Tutakwenda mbali, lakini tutarudi.

Tuanze na Abraham Lincoln. Huyo mmemsikia shuleni. Alizaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo, na ujana wake ulipita karibu na mto Ohio, ambako alifanya kazi kwenye pantoni na boti ndogo. Meli za mvuke za mto ule hazikusimama kila kijiji. Abiria alipelekwa katikati ya mto kwa boti ndogo, akapandia huko huko. Ninyi mnalijua jambo hili. Mmeona balenieri zinavyopita, na mitumbwi inavyozikimbilia na watu, kuku na magunia ya mihogo.

Siku moja watu wawili wakamwomba Lincoln awapeleke na masanduku yao. Akawapeleka, akayainua masanduku hadi melini. Meli ilipokuwa inaanza kuondoka akawaita: hamjanilipa! Kila mmoja akamrushia sarafu ya nusu dola sakafuni mwa boti. Kijana akaziokota, mbili, za fedha. Hakuwahi kufikiri kwamba mtoto maskini anaweza kupata dola nzima kwa siku moja. Alipokuwa rais bado aliikumbuka siku ile na kuisimulia.

Mwaka 1828, akiwa na miaka 19, aliajiriwa kwa dola 8 kwa mwezi kushusha mazao hadi New Orleans. Chombo chao kilikuwa boti bapa, yaani kama sanduku refu la mbao. Hakikuwa na injini wala tanga. Kinashuka na mkondo tu, na watu wanakiongoza kwa makasia marefu. Ukifika unauza mzigo, kisha unauza na mbao za boti yenyewe, kwa kuwa hakuna awezaye kuirudisha juu dhidi ya maji. Njiani usiku walivamiwa na kundi la watu saba waliotaka kuwaibia, wakapigana nao mpaka wakawafukuza. Na huko New Orleans ndiko kulikokuwa na soko kubwa kuliko yote la watumwa katika Marekani.

Sasa sikia jambo lililompendeza sana kijana wangu wa kopo. Mwaka 1831 Lincoln alishuka tena, safari hii kwa mto mdogo uitwao Sangamon. Walipofika kijiji cha New Salem, boti ikakwama juu ya bwawa la kinu cha kusaga nafaka. Mbele ilikuwa inaning'inia hewani, nyuma imezama, na maji yanaingia. Wanakijiji wakasimama ukingoni kutazama. Lincoln akaamuru mzigo upunguzwe, mwingine usogezwe mbele. Kisha akatoboa tundu kwenye sakafu ya mbele, ile iliyokuwa hewani. Kutoboa boti inayoingia maji! Lakini boti ilipoinama mbele, maji yote yakakimbilia kule na kutokea kwenye tundu. Akaliziba, wakaisukuma, wakapita.

Hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mbunge, alichora kifaa cha kuinua meli iliyokwama kwenye fungu la mchanga: mifuko mikubwa iliyofungwa ubavuni mwa meli, inayojazwa hewa ili chombo kielee juu zaidi. Tarehe 22 Mei 1849 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi namba 6469. Kifaa hicho hakikuwahi kutumika mtoni, lakini mpaka leo hakuna rais mwingine wa Marekani mwenye hati ya namna hiyo. Kila kiangazi, Lualaba inapopungua na mafungu ya mchanga yanapotokeza migongo, nawaona manahodha wetu wakiruka majini na pondo zao kusukuma boti, nami humkumbuka Lincoln.

Akawa rais mwaka 1861. Katika mwaka ule ule alimteua mtu mmoja kuwa mwakilishi wa Marekani huko Ubelgiji. Jina lake Henry Shelton Sanford. Lishikeni jina hilo, tutalirudia.

Wa pili ni James Garfield. Mwaka 1848, akiwa na miaka 16, alifanya kazi kwenye mfereji wa Ohio. Boti za mfereji zilivutwa kwa kamba na nyumbu waliotembea ukingoni, na yeye ndiye aliyewaswaga. Alikuwa hajui kuogelea, na kwa hesabu yake mwenyewe alitumbukia majini mara 14. Usiku mmoja alianguka bila mtu yeyote kumwona. Alishika kamba gizani, ikawa inakuja tu, inakuja tu, haina kitu cha kuizuia. Kisha ghafla ikakaza, naye akajivuta juu. Alipotazama akakuta kamba imenasa kwenye ufa wa mbao. Aliirusha tena na tena aone kama itanasa vile, haikunasa. Baada ya wiki chache homa ya malaria ikamrudisha kwa mama yake, na mama akamshawishi arudi shule. Mwaka 1881 akawa rais. Alipigwa risasi miezi minne tu baada ya kuapishwa, akafariki Septemba.

Aliyekalia kiti chake alikuwa makamu wake, Chester Arthur. Huyu hakupiga kasia, lakini naye bandari ndiyo iliyomlea kisiasa: kuanzia mwaka 1871 hadi 1878 alikuwa mkuu wa forodha wa bandari ya New York, ambako ndiko fedha nyingi za serikali zilikoingilia. Naye mshikeni.

Kabla hatujarudi nyumbani, nataka nikae kidogo kwa mtu wa tatu, kwa sababu kati ya wote hawa ndiye ninayempenda kuliko wengine. Jina lake Robert Smalls.

Alizaliwa mtumwa tarehe 5 Aprili 1839, mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake. Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa mji wa bandari wa Charleston kufanya kazi za kulipwa, na mshahara karibu wote ulikwenda kwa bwana. Alipakia na kupakua mizigo. Alishona matanga. Mwishowe akashika usukani wa meli. Aliijua bandari ile yote, penye kina na penye mchanga, lakini hawakumwita rubani, kwa kuwa jina hilo liliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Walimwita mshika usukani tu. Alioa mwanamke mtumwa, Hannah, akaanza kuweka akiba amnunue mkewe na binti yao. Bei ilikuwa dola 800. Alikuwa amefikisha dola 100.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, majimbo ya Kusini yaliyotaka kubaki na utumwa yalimweka kwenye meli ya mvuke iitwayo Planter, iliyojengwa kubeba pamba na sasa ikabeba mizinga. Nje ya bandari zilikuwepo meli za Kaskazini zimefunga njia. Kati ya Charleston na meli zile kulikuwa na ngome zenye mizinga, na ya kuogofya zaidi ilikuwa Ngome ya Sumter.

Usiku wa tarehe 12 Mei 1862, kapteni na maofisa wake wawili Wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na wenzake walikuwa wameingojea siku hiyo. Karibu saa tisa usiku wakawasha moto, moshi ukapanda, wakapandisha bendera kama kawaida. Kwanza wakapita gati nyingine kuchukua wake na watoto waliojificha. Jumla wakawa watu 16. Walikuwa wamekubaliana kwamba wakikamatwa wataizamisha meli, wafe nayo, kuliko kurudi.

Smalls akavaa kofia ya kapteni, ile kofia yake pana ya majani makavu, akasimama dirishani kama kapteni anavyosimama, mikono ameikunja vile vile kama yule kapteni. Alikuwa amemtazama kwa miezi mingi, anajua hata anavyoegemea. Kwenye kila ngome alipiga honi kwa ishara iliyotakiwa. Walipofika Sumter alfajiri, wengine wakamsihi azunguke mbali. Akakataa. Meli inayozunguka itashukiwa. Akapita mahali pale pale meli ilipozoea kupita, akavuta kamba ya honi: milio miwili mirefu, mmoja mfupi. Mlinzi akaitikia, pita. Akapita polepole, bila haraka ya kumfichua, mpaka akatoka nje ya kufikiwa na mizinga. Hapo ndipo aliposukuma injini kwa nguvu zote.

Meli ya Kaskazini iliyokuwa mbele, Onward, iliona chombo cha adui kikija kwenye ukungu ikageuza mizinga. Hapo watu wa Planter wakashusha bendera ya Kusini na kupandisha shuka nyeupe, shuka ya kitanda aliyokuja nayo Hannah kutoka hoteli alikokuwa mtumishi. Jua lilikuwa linachomoza. Wakaiona.

Serikali ya Kaskazini ilimpa dola 1,500 kama sehemu yake ya thamani ya meli. Alikwenda Washington, akasaidia kuwashawishi wakubwa wawaruhusu watu weusi kupigana kama askari. Baadaye akawa kapteni wa Planter ile ile, safari hii kofia ikiwa yake. Vita vilipokwisha alirudi Beaufort, akaishi katika nyumba ya bwana wake wa zamani, nyumba aliyoinunua mwenyewe ilipouzwa kwa ajili ya kodi. Mwaka 1868 alichaguliwa kwenye bunge la jimbo, na mwaka 1875 akaingia Bunge la Marekani mjini Washington. Alikaa humo kwa vipindi kadhaa hadi mwaka 1887.

Huyo ndiye niliyemtaja tukiwa katikati ya mto. Kijana aliacha kuchota maji kwa muda, mpaka mjomba akamkemea.

Sasa turudi kwetu. Muulize bibi yako maana ya neno merikani. Atakuambia ni kitambaa cha pamba, kigumu, cheupe kisichong'aa. Jina hilo limetoka Marekani. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa meli kutoka New Hampshire, Edmund Roberts, alitumwa na serikali yake akatia sahihi mkataba wa biashara na Seyyid Said, sultani wa Maskati na Zanzibar. Miaka hiyo meli za bandari ya Salem zilikuwa zikitia nanga Zanzibar na marobota ya kitambaa, na kuondoka na pembe za ndovu. Pamba ilikuwa imelimwa na watumwa wa Kusini, watu wa aina ya Smalls. Ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts. Ikavuka bahari, ikabebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani hadi Tabora, Ujiji, na tangu miaka ya 1860 hadi Nyangwe na Kasongo, juu ya Lualaba yetu. Kwa kitambaa hicho zilinunuliwa pembe, na kwa kitambaa hicho walinunuliwa watu wa Maniema. Nyingi kati ya pembe zile zilikwenda jimbo la Connecticut, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye piano. Nguo ile ilitoka utumwani ikaja kutengeneza utumwa mwingine. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na bado linaniuma.

Katika Connecticut hiyo ndiko alikozaliwa, mwaka 1823, Henry Shelton Sanford, yule aliyeteuliwa na Lincoln. Ubalozi wake Brussels uliisha mwaka 1869, lakini urafiki wake na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ulikua. Januari 1878 Stanley, msafiri aliyeanzia maisha kama kijana wa melini na kufika New Orleans kwa njia hiyo, alishuka Marseille baada ya kuufuata mto wetu kutoka Nyangwe mpaka baharini. Sanford alikuwa mmoja wa wawili waliotumwa na Leopold kumpokea. Mfalme alitaka mto ambao Stanley alikuwa ameupita.

Ili kuupata, Leopold alihitaji nchi kubwa ikubali bendera yake, ile ya buluu yenye nyota ya dhahabu. Akamtuma Sanford Washington. Sanford akaandaa karamu, akazungumza na wabunge, akaeleza kwamba mfalme anataka kukomesha biashara ya watumwa na kuufungua mto kwa wafanyabiashara wote. Tarehe 22 Aprili 1884, serikali ya Rais Arthur, yule mtu wa forodha, ikaitambua bendera ile. Marekani ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mkutano wa Berlin, ambao walimu wenu huwafundisha, ulikuwa bado haujaanza. Hakuna mtu wa Maniema aliyeulizwa. Mgenya aliyekuwa anatega samaki asubuhi ile hakujua kwamba mto ulikuwa umepewa mwenyewe mwingine.

Sanford aliingia kwenye kazi ya meli mwisho wa safari yake, tofauti na Lincoln aliyeanza nayo. Mwaka 1886 aliunda kampuni ya kutafuta pembe kwenye mto Kongo, yaani mto wetu huu unapofika chini, na kuagiza meli ya mvuke aliyoiita Florida, kwa jina la jimbo alilokuwa na mashamba ya machungwa. Meli haiwezi kupanda maporomoko yaliyo chini ya Kinshasa. Kwa hiyo ililetwa vipande vipande, mabamba na misumari, kwa migongo na vichwa vya wapagazi, kwa njia ya milima, zaidi ya kilomita 300. Leopold alikuwa ameahidi kumsaidia wapagazi. Ahadi haikutimizwa. Mwaka 1887 Stanley alifika na msafara mkubwa, akaichukua Florida kabla haijawekewa injini, ikakokotwa kama tishari tu. Kampuni ikadhoofika, na mwisho wa mwaka 1888 ikamezwa na kampuni ya Wabelgiji.

Kwenye msafara ule wa 1887 alikuwepo mtu tunayemjua vizuri, Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Yeye pia alikuwa mfanyabiashara aliyepata kiti. Februari mwaka ule, huko Zanzibar, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa jina la Leopold. Utajiri wake ulitoka katika pembe na watu wa Maniema, na makao yake yalikuwa Kasongo. Alizunguka Afrika kwa meli kutoka Zanzibar mpaka mdomo wa Kongo, kisha akapandishwa mto hadi kwenye maporomoko na meli ndogo ya mvuke ya wamisionari Wabatisti wa Marekani. Jina la meli hiyo ni Henry Reed.

Angalieni mwaka. 1887 ndipo Robert Smalls, aliyezaliwa mtumwa, alipotoka Bungeni Washington, na ndipo mfalme aliyejitangaza adui wa utumwa alipomfanya mfanyabiashara mkubwa wa watumwa kuwa liwali juu ya babu zetu.

Miaka mitatu baadaye alikuja mtu mwingine kwa meli. Aliitwa George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani wa vita vya Kaskazini na Kusini, mchungaji, mwanahistoria, na mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la wawakilishi la jimbo la Ohio. Yeye hakuwa mwanamaji. Nimemweka hapa kwa sababu alifanya kile ambacho Arthur, Sanford na Leopold hawakukifanya: alipanda chombo akaja kuutazama mto mwenyewe. Leopold alikufa bila kukanyaga Kongo.

Williams alipanda kutoka Kinshasa hadi Stanley Falls, akiuliza watu, akiandika. Tarehe 18 Julai 1890, pale kwenye maporomoko, aliandika barua ya wazi kwa Leopold. Alieleza jinsi mawakala wa mfalme walivyowalaghai machifu watie alama kwenye mikataba. Mzungu alificha betri ndani ya koti, utepe ukapita kiganjani mwake. Akamshika mkono chifu, chifu akasikia mtikiso, akaambiwa hiyo ndiyo nguvu za mtu mweupe. Mwingine alichukua kioo cha kukuza, akawasha sigara kwa jua, akadai kwamba jua ni rafiki yake na anaweza kuliamuru lichome kijiji. Kwa hila kama hizo, na kwa masanduku machache ya jini, vijiji vizima vilitolewa. Aliandika pia kwamba serikali hiyo hiyo iliyosema inapinga utumwa ilikuwa inanunua watumwa na kuwafanya askari.

Magazeti ya Ulaya na Marekani yalimsoma, na watu wa mfalme wakamtukana. Hakuishi kujitetea. Alifariki Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, akiwa na miaka 41. Sanford alikuwa amefariki Mei mwaka ule ule, amefilisika na kumlaumu mfalme aliyemtumikia.

Henry Reed iliendelea na kazi. Mwaka 1903 iliajiriwa na konsuli wa Uingereza, Roger Casement, ambaye ujanani aliwahi kuwa mfanyakazi wa kampuni ya Sanford. Meli iliyompeleka liwali Tippu Tip ndiyo iliyombeba sasa mtu anayeandika majina ya vijiji vilivyoteketezwa na mikono iliyokatwa kwa sababu ya mpira. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1904. Mwaka 1908 Leopold aliondolewa mamlaka juu ya Kongo, na nchi ikawa koloni la Ubelgiji.

Kindu yetu ilikua kwa sababu ya hesabu ya vyombo. Kutoka Ubundu mpaka hapa Lualaba inapitika kwa meli zaidi ya kilomita 300. Juu yake kuna maporomoko, ndiyo maana reli ya kwenda Kongolo ilianzia hapa. Kila mtu anayeshuka treni bandarini anasimama mahali palipochaguliwa na wenye meli.

Kijana wa kopo bado yuko mtoni. Mkivuka kesho mtamkuta. Mwaka huu anarudi darasani, mjomba wake amekubali. Nawaomba walimu wa Kindu: barua ya Williams ilipigwa chapa na inapatikana mpaka leo. Itafuteni, isomeni na watoto hawa sentensi kwa sentensi, huku mto ukiwa unaonekana dirishani.